Uzi: Tabora mpaka Kigoma na Kosta tuliyoigeuza nyumba, safari ya kiangazi mimi na mume wangu

Binti Unyanyembe:

Habari za saa hizi wakuu. Wale mliokuwa mnaulizia kama ile Kosta yetu imeshatoka nje ya Tabora, imetoka. Imeenda Kigoma na imerudi salama. Niliahidi mrejesho, nauleta kwa vipande, maana naona wengi wanataka kutengeneza gari la kulala lakini maswali yao yanaishia kwenye kitanda na rangi.

Gari ni Toyota Coaster ya dizeli, zamani ilikuwa ya abiria. Viti vya nyuma vimeng'olewa vyote. Kitanda kimekaa nyuma kwa kukingama, chini yake stoo. Upande mmoja kuna jiko la gesi la pleti mbili na sinki, upande wa pili benchi lenye kabati. Tanki la maji la lita 100 liko sakafuni, katikati ya tairi za mbele na za nyuma, kwa sababu lita 100 ni kilo 100, na mzigo huo ukiutupa nyuma kabisa utausikia kwenye kila tuta. Juu ya paa kuna paneli mbili za sola za wati 200 kila moja, ndani kuna betri ya lithiamu ya volti 12 ampea-saa 200, friji ndogo, taa na feni. Madirisha yote yana wavu. Tabora na Kigoma zote ni mikoa yenye malaria nyingi, na dirisha la kioo ukilifunga usiku mnakosa hewa, kwa hiyo hapo msibane hela.

Kabla ya kung'oa kiti hata kimoja mume wangu alihakikisha kadi ya gari na bima zinasomeka kwa matumizi halisi. Na mjue gari la ukubwa huu linaingia mizani. Sheria ya uzito wa magari ya Afrika Mashariki inaanzia tani 3.5, na Kosta yenye kabati, maji na betri imeshapita hapo.

Njia tuliyopita ni Urambo, Kaliua, Nguruka, Uvinza, kisha Kigoma mjini. Ni zaidi ya kilomita 400. Basi linaimaliza kwa siku moja. Sisi tulikuwa tunatembea asubuhi tu, saa nane au saa tisa mchana gari limeshaegeshwa. Mkielekea magharibi, kuanzia saa kumi jua linamkaa dereva usoni, na huo ndio muda ng'ombe wanarudi, baiskeli za kuni na mkaa zimejaa barabarani, na watoto wanatoka kuchota maji. Asubuhi jua liko mgongoni na barabara unaiona yote.

Naendelea baadaye, niko jikoni.

Fundi Bodi Isevya:

Safi sana dada. Swali la kifundi: mtungi wa gesi mmeuweka wapi? Nimeshaona watu wanauweka chini ya kitanda.

Binti Unyanyembe:

Mkuu, mtungi wa kilo 6 uko kwenye kabati lake peke yake, umesimama wima, umefungwa mkanda, na sakafu ya kabati hilo ina tundu linalotokea chini ya gari. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi juu kutafuta dirisha, inatulia sakafuni inasubiri cheche. Tundu la chini ndilo linaitoa. Mlango wa kabati una mpira pembeni ili isiingie chumbani.

Na mkaa ndani hapana kabisa, hata mkisikia baridi. Tabora Juni na Julai alfajiri inabana kweli, nawaelewa wanaotamani kuingiza jiko ndani. Moshi wa mkaa hata usipouona unaua watu usingizini. Bebeni blanketi.

La umeme nalo niliseme kwa sababu linaweza kuchoma gari. Fundi aliyetufungia waya, simtaji, aliunganisha inveta (kile kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani) kwenye betri moja kwa moja bila fyuzi. Kabla hatujafika Urambo tukasikia harufu ya plastiki. Waya ulikuwa umesuguana na ukingo wa bodi mpaka ganda limelika. Mume wangu alizima kila kitu, tukaegesha, akaukata. Urambo tulipata fundi kijana, akaweka fyuzi karibu kabisa na nguzo chanya ya betri na kuupitisha waya ndani ya bomba la plastiki. Mkikabidhiwa gari, fuateni waya kwa mkono kuanzia betri mpaka mwisho wake.

Mkokotoni:

Samahani dada, sitaki kukukatisha tamaa. Hela ya kubadilisha Kosta nzima, na gesti Urambo, Kaliua, Nguruka na Kigoma zipo, tena za bei nafuu. Kwa nini msipande basi mkalala gesti? Naona ni mambo ya Wazungu tu haya.

Binti Unyanyembe:

Swali lako ni halali, na kama lengo ni kulala kwa bei rahisi, chukua gesti. Gari hili halitarudisha hela yake kwa njia hiyo.

Mume wangu ana kisukari na anachoma insulini. Insulini ambayo haijafunguliwa inatakiwa ikae kwenye nyuzi 2 mpaka 8. Ukishaanza kuitumia, nyingi zinavumilia joto la kawaida la chumbani kwa takriban wiki nne, lakini ndani ya basi lililosimama juani Kaliua si joto la kawaida la chumbani. Na ikiganda ndiyo imeharibika, haifai tena hata ikiyeyuka. Gesti nyingi tulizowahi kulala friji ni ya soda pale mapokezi, umeme ukikatika usiku hakuna anayejua. Halafu kuna chakula. Akichoma dawa lazima ale kwa wakati. Basi likiharibikia porini kati ya Kaliua na Nguruka, mwenye kisukari hawezi kusubiri kama wengine.

Kwa miaka mingi Baba Neema alikuwa anakataa safari ndefu. Harusi alikuwa ananituma mimi, misiba ya Kigoma alikuwa anatuma rambirambi kwa simu, na yeye mama yake mzazi kazikwa Ujiji. Alikuwa hasemi, ila nilikuwa namwona. Ndiyo maana friji lilinunuliwa kabla ya godoro. Jiko liko humo, sukari ikishuka uji unachemka hapo hapo, asali iko kabatini. Mtu aniambie ni mambo ya Wazungu, mimi najua nimempeleka mume wangu kwenye kaburi la mama yake.

Mkokotoni:

Nimekuelewa dada yangu. Nisamehe. Endelea tafadhali.

Nurse wa Kitete Road:

Mama Neema hongera. Naomba nisisitize kwa wanaosoma: dawa isigusane na ukuta wa friji ule unaotoa barafu, iwe katikati au mlangoni, ndani ya kopo. Na wasafiri wenye kisukari wabebe kipimo cha sukari na vijiti vya kutosha, wapime kabla ya kushika usukani.

Binti Unyanyembe:

Asante dada nesi. Yake inakaa kwenye kopo la plastiki lenye kitambaa, na kipimajoto kidogo kimelala pembeni. Baba Neema alikuwa anakitazama kila tukisimama, kabla hata hajashuka kunyoosha miguu.

Kwa wanaotaka hesabu: friji linakula wati kama 45 likiwa linanguruma, na halingurumi muda wote. Likinguruma jumla ya saa 12 kwa siku ni kama wati-saa 540. Betri yetu inabeba karibu wati-saa 2,500. Maana yake hata jua likikosekana siku mbili tatu, dawa iko salama, mradi msitumie pasi na birika za umeme. Kiangazi Tabora jua ni la uhakika, tatizo ni vumbi. Asubuhi tulikuwa tunapanda na kitambaa chenye maji kidogo kufuta paneli, na mabadiliko mnayaona hapo hapo kwenye kipimo cha chaji.

Kuna ugomvi ambao hamtaukwepa: mwili unataka kivuli cha mwembe, paneli zinataka jua. Sisi tuliegesha juani mpaka saa saba, betri ikijaa tunasogea kivulini. Na pimeni urefu wa gari lenu pamoja na paneli, muuandike kwenye dashibodi. Miembe ya Tabora na Ujiji ni mizee na matawi yake yameinamia barabara.

Kapembe:

Mama yangu kijijini hana friji, dawa yake anaiweka kwenye chungu kidogo ndani ya chungu kikubwa, katikati mchanga unaomwagiwa maji. Inasaidia?

Nurse wa Kitete Road:

Inasaidia, hasa kiangazi hewa ikiwa kavu, maji yanapokauka kwenye mchanga yanaondoka na joto. Haifikishi ubaridi wa friji, kwa hiyo ni ya dawa inayotumika sasa, siyo ya kuhifadhi akiba ya miezi. Akiba ibaki zahanati yenye friji, awe anachukua kidogo kidogo.

Binti Unyanyembe:

Sasa nije kwenye jambo ambalo ndilo hasa lililonifanya nifungue uzi huu. Gari la kulala haliwaondolei haja ya mwenyeji. Kwenye video mnaona watu wanaegesha popote, asubuhi wanafungua mlango wanakunywa kahawa. Huku kwetu ukiegesha gari kubwa pembeni ya kijiji saa mbili usiku, ukafunga pazia, ukazima taa, wanakijiji wana haki ya kuogopa. Hawajui umebeba nini. Na mlinzi wa kweli wa gari lako usiku ni yule jirani aliyekuona ukifika mchana.

Ndiyo sababu nyingine ya kuegesha mapema. Kila tulipofika tulimtafuta mwenyekiti wa kitongoji au mtendaji wa kijiji, tukajitambulisha kwa majina na tunakotoka, tukaonyesha vitambulisho, tukaeleza tunaomba kulala ndani ya gari mpaka asubuhi.

Nitaeleza sehemu moja tu, kijiji kimoja baada ya Urambo. Mwenyekiti tulimkuta dukani, mzee wa makamo, amekaa kwenye kreti la soda. Mume wangu akampa shikamoo, mimi nikapiga goti kidogo kama nilivyolelewa. Akatusikiliza mpaka mwisho bila kusema kitu. Halafu akainuka, akaja kulizunguka gari, akapiga bodi kwa kiganja, akaomba kuingia. Akakaa kitandani. Akafungua bomba la sinki, maji yakatoka, akalifunga. Akauliza, "Na mgonjwa wenu ndiye nani?" maana aliona kopo la dawa. Baba Neema akasema ni mimi mzee wangu. Yule mzee akasema mdogo wake naye anachoma sindano, yuko Urambo mjini. Kuanzia hapo hatukuwa wageni tena. Akatupeleka kwenye uwanja wa ghala la tumbaku la chama cha msingi, lenye mlinzi, akamwita mlinzi na kumwambia mbele yetu kuwa hawa ni wageni wangu. Ilikuwa kipindi cha masoko, marobota yamepangwa mpaka karibu na dari, harufu ya tumbaku kavu nzito na tamu usiku kucha. Jioni mkewe akaleta michembe (viazi vitamu vilivyokaushwa) iliyopikwa na karanga. Sisi tukatoa chai na sukari kwa nyumba. Asubuhi, "Mwangaluka," tukaitikiana, tukaaga kwanza ndipo tukawasha gari.

Hela hakuomba. Nasema hivi kwa sababu wengine watauliza. Tulichomwachia mlinzi ni shukrani yetu kwa hiari. Muwe na daftari dogo la kuandika jina la mwenyekiti na namba yake, mkirudi njia hiyo mpigie kumsalimia.

Dereva Mstaafu:

Binti, umesema neno. Mimi nimeendesha njia hizo tangu zikiwa vumbi tupu. Niongeze la mbung'o. Mapori ya Kaliua kuelekea Malagarasi na yale ya upande wa Ugalla yana mbung'o, na wanafuata kitu kinachotembea. Wanapenda rangi ya bluu na nyeusi, ndiyo maana mitego yao hutengenezwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Anayepaka rangi gari la kulala apake nyeupe au ya udongo. Na nguo za bluu iliyokolea mziache nyumbani.

Binti Unyanyembe:

Shikamoo mzee. Letu ni jeupe, na bado tulifunga vioo kipande hicho chote. Wanauma kupitia shati.

Nguruka tulisimama kwa ajili ya samaki. Wanatoka ziwa Sagara na mabwawa ya Malagarasi, na ukanda huo wa ardhi oevu, Malagarasi-Muyovozi, ndio wa kwanza nchini kuingizwa kwenye orodha ya Ramsar, ile ya ardhi oevu muhimu duniani, mwaka 2000. Mnavuka mto kwenye daraja la Kikwete. Simameni mbali na daraja, pembeni pakiruhusu, mtazame maji yanavyotawanyika kwenye mafunjo. Uvinza tulinunua chumvi. Watu wamechemsha maji ya chemchemi za hapo kwa zaidi ya miaka 1,000, na misafara ya zamani ilikuwa inapita kuichukua.

Kigoma muda unahama. Saa za nchi ni moja, lakini Kigoma iko magharibi mno, kwa hiyo Julai jua linazama karibu saa moja jioni, wakati Dar lilishazama dakika kama 40 kabla. Na asubuhi saa moja ndiyo kwanza linachomoza. Kama ratiba ya sindano na chakula mnaifuata kwa jua, fuateni saa.

Mha wa Mwandiga:

Mwakeye! Karibuni sana Kigoma, mngetujulisha mapema. Mliegesha wapi? Na samaki wetu migebuka mliipata?

Binti Unyanyembe:

Tuliegesha Gungu, kwa ndugu wa mume wangu, ndani ya uzio. Mji una miteremko mikali kushuka ziwa Tanganyika, kwa gari zito shukeni na gia nzito, msikalie breki. Chini ya tairi tuliweka vipande vya mbao ili kitanda kilale sawa.

Migebuka mibichi siyo ya kuahidiwa kiangazi. Mwaka 2024 uvuvi ziwani ulisitishwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane, kwa makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka ziwa. Ulizeni kwanza kabla ya kupanga tarehe. Sisi tulikula dagaa wakavu kwa mawese na ugali wa muhogo, na Baba Neema alipima sukari yake kabla na baada maana muhogo ni wanga mtupu. Alikula kidogo, alifurahi sana.

Ujiji tulianzia makaburini, asubuhi. Tulifagia, tukaomba dua, akakaa peke yake kwa muda mrefu, mimi nikasubiri na shangazi zake chini ya mti. Baadaye tukaenda kwenye ukumbusho wa Livingstone, ambako Stanley alimkuta mwaka 1871. Bandarini alitaka kuiona Liemba, meli iliyotengenezwa Ujerumani mwaka 1913, ikaletwa vipande vipande, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, ikaibuliwa mwaka 1924. Babake alikuwa anaipanda kwenda Kasanga.

Mha wa Mwandiga:

Mungu ampumzishe mama. Gombe hamkwenda?

Binti Unyanyembe:

Amina. Gombe hakuna barabara, gari linabaki mjini mnapanda boti Kibirizi. Safari hii tuliiacha kwa sababu dawa ingetoka kwenye friji kwenda kwenye boti. Safari ijayo tutabeba kiboksi cha barafu, dawa ikiwa imefungwa kitambaa isigusane nayo.

Kapembe:

Mlirudi njia ile ile?

Binti Unyanyembe:

Hapana, tulizungukia Mpanda, kisha Inyonga, Sikonge, Tabora. Stanley naye alipoondoka Unyanyembe, huku huku Tabora, mwaka 1871 alizunguka kusini hivyo hivyo, kwa sababu vita vya mtemi Mirambo vilikuwa vimefunga njia ya moja kwa moja. Kati ya Uvinza na Mpanda mtakutana na vipande vya vumbi, tembeeni taratibu, vyombo vyote vifungwe mkanda, kopo la dawa libanwe na nguo. Jazeni dizeli Uvinza na maji tanki zima. Kuanzia Mpanda ni lami mpaka nyumbani. Mwenye kutaka mchoro wa kabati la gesi na wa waya aje inbox, nitamtumia.